Sentensi Niliyoiongeza Kwenye Barua ya Mtoto wa Watu

Niliandika hivi, kwa wino wa buluu na kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: “Nimesikia huko kwenu Iringa watu wanakula mbwa. Basi huyo wa kwako msalimie mapema, maana Jumapili haiko mbali.”

Barua haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, na ilikuwa inakwenda kwa mtoto mwingine wa miaka tisa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Ni umri wa kutosha kujua, na mama amenikumbusha jambo hilo mara nyingi mno, siwezi kusema sikuambiwa.

Mama ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Mbeya. Mwaka jana yeye na mwenzake aliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha Iringa mjini, walikubaliana watoto wao waandikiane barua. Kila mtoto wa huku akapewa rafiki mmoja wa kule. Watoto ambao hawajawahi kufika hata Chimala wakawa na marafiki wasiowajua sura, na walitembea shuleni wakiwataja kama watu wenye shamba.

Barua za kwanza ziliandikwa kwa penseli. Zilisuguana njiani, zikafika Iringa zimefifia, na watoto wa kule wakadhani wa huku wanaandika kwa majivu. Mama akaamua kwamba kuanzia safari ya pili watoto wataandika kwa penseli, kisha mtu mwenye mkono mzuri ataandika upya kwa wino bila kuongeza neno. Mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu nasoma sekondari ya kutwa na mama aliamini kwamba mtu akiwa na kazi ya mikono jioni hawezi kuharibu kitu.

Barua zilikuwa arobaini na moja. Naomba nieleweke. Barua thelathini na tano zilisema, “Hujambo? Mimi sijambo. Sisi tunalima viazi.” Mtu akishaandika mara thelathini na tano kwamba watu wanalima viazi, akili inaanza kutafuta mlango.

Barua ya thelathini na sita ilikuwa ya binti mmoja anayekaa dawati la mbele. Ni Msafwa, wanaishi chini ya mlima, na ndiye mtoto pekee darasani ambaye humuuliza mwalimu swali halafu akasubiri jibu. Rafiki yake wa Iringa alikuwa mvulana, naye katika barua ya kwanza alikuwa amesema ana mbwa mweupe mwenye sikio moja jeusi. Binti alimjibu hivi: “Nimefurahi una mbwa. Sisi tuna kuku wanane. Mmoja ana kilema. Je, mbwa wako anafuata watu wote au wewe tu?” Basi. Karatasi ikabaki na nafasi ya mistari miwili.

Sasa, kwa upande wa baba mimi ni Mngoni. Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na tangu hapo tunatukanana kwa amani. Mngoni anaweza kuingia msibani kwa Mhehe, akajilaza katikati ya njia na kudai uji, na hakuna wa kumfukuza. Habari ya mbwa ndiyo ya kwanza kabisa katika utani huo. Mhehe akikutana na Mngoni bila kuambiwa habari ya mbwa anaweza kufikiri amenuniwa.

Kwa hiyo haki nilikuwa nayo. Ila haki yenyewe niliipeleka ndani ya barua ya mtoto wa Kisafwa, ambaye hana utani na mtu yeyote Iringa. Na niliipeleka kwa mvulana ambaye sikujua lolote juu yake ila kwamba ana mbwa. Nilidhani aliye Iringa ni Mhehe. Nilikuwa nimepata alama tisini katika jiografia.

Baada ya wiki tatu majibu yakaja katika bahasha moja kubwa. Mimi ndiye ninayekwenda posta kufungua sanduku la shule, na siku hiyo nilimpelekea mama darasani moja kwa moja. Akagawa. Watoto arobaini walipata. Binti wa dawati la mbele akaomba bahasha, akachungulia ndani, akaigeuza, akaitikisa.

“Labda anaumwa,” mama akamwambia.

“Mbona mwalimu wake hajasema anaumwa?”

“Labda amechelewa kuandika.”

“Mimi niliwahi,” binti akasema, akakaa.

Mama hakujua. Mimi nilijua, au nilianza kujua, na nilisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa chaki.

Tangu siku hiyo kila nikitoka posta alikuwa ananisubiri kwenye geti la shule. “Kaka, imekuja?” “Haijaja.” “Hata ndogo?” “Hata ndogo.” Siku moja aliniuliza kama labda swali lake kuhusu mbwa lilikuwa baya. Nilimwambia swali lilikuwa zuri. Alisema, “Basi ni kuku. Pengine anadhani najivuna kuku wanane.” Safari iliyofuata akaniambia kwamba akiandika tena atasema wanne.

Ningeweza kusema ukweli siku hiyo. Badala yake nikaandika barua.

Nilitumia mkono wa kushoto, kwa penseli, kwenye karatasi niliyochana katikati ya daftari la hesabu. Nikajifanya mvulana wa Iringa. Nikasema nilikuwa naumwa tumbo, sasa nimepona, mbwa anafuata watu wote lakini ananifuata mimi zaidi, na kuku wanane ni wengi kweli. Nilitafuta bahasha ya zamani, nikaigeuza ndani nje, nikaibandika kwa uji wa sembe. Mama alikuwa kwenye kikao cha walimu, nikampa binti mwenyewe getini. Nikamwambia imekuja peke yake, ilikuwa imepotea njiani.

Aliisoma akiwa amesimama. Halafu akaruka. Sijui kama umewahi kumuona mtu anaruka kwa furaha kwa sababu ya uongo wako. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa siku mbili, nikawaza kwamba pengine mimi nina moyo wa huruma na watu hawajaugundua.

Siku ya tatu akaniletea jibu niandike kwa wino. Lilikuwa kurasa mbili. Mtu uliyempoteza akirudi unamwambia kila kitu, naye alimwambia rafiki yake kila kitu. Kwamba mama yake anakwenda Chimala wiki nzima kuchukua mchele. Kwamba baba yake yuko Tunduma na hurudi mwisho wa mwezi. Kwamba nyumbani anabaki yeye na bibi yake, na bibi hasikii mpaka umguse bega. Kwamba ufunguo wa mlango wa nyuma wanauweka chini ya chungu cha maji. “Ukija likizo,” alimalizia, “usigonge, bibi hatasikia. Ingia tu.”

Mimi nilikuwa nani kwake? Mtu anayeleta barua. Na sasa nilijua mlango, ufunguo, siku na masikio ya bibi yake. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa nimeuliza hata kimoja. Nilimsifia kuku tu.

Kesho yake, baada ya masomo ya asubuhi, nilipita kwao. Nilijiambia nataka tu kuhakikisha kwamba si kweli. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chungu. Nikakiinua. Ufunguo ulikuwapo, umefungwa uzi mwekundu ili uonekane vizuri.

Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama na kikapu cha viazi. Hakuuliza nafanya nini na chungu chake. Aliona sare ya shule.

“Wewe mwanafunzi?”

“Ndiyo, bibi. Shikamoo.”

“Eeh?”

Nikamgusa bega. “Shikamoo.”

“Marahaba. Karibu viazi.”

Nikala viazi vitatu katika nyumba ambayo ningeweza kuiibia. Vilikuwa na chumvi ya kutosha. Bibi alinishindilia cha nne mfukoni, nikarudi nyumbani na kukificha pamoja na ile barua ya kurasa mbili, nyuma ya vitabu vyangu. Sikuiandika kwa wino na sikuipeleka popote.

Siku nne baadaye ikaja barua ya kweli kutoka Iringa. Ilikuwa ya yule mwalimu mwenzake mama, imeandikwa jina la mama, kwa hiyo sikuweza kuifungua. Nilifikiria kuipoteza. Lakini karani wa posta alikuwa ameniambia kwa sauti, “Mwambie mwalimu ndugu yake wa Iringa amemkumbuka,” na karani huyo husali kanisa moja na sisi.

Mama aliisoma mezani. Aliisoma tena. Akavua miwani, akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hutumika nyumbani kwa mambo ya kanisa na hukumu.

“Hii sentensi ni ya nani?” Ndani ya bahasha mwalimu wa Iringa alikuwa amerudisha ile barua ya kuku wanane, na mistari yangu miwili ilikuwa imepigiwa mstari.

“Ni utani, mama.”

“Utani na nani?”

“Na Wahehe.”

“Huyu mtoto ni Mhehe?”

“Si yuko Iringa?”

“Na wewe uko Mbeya. Wewe Msafwa?”



“Wametoka Bukoba,” mama akasema. “Wana miezi minne pale. Hajui utani wenu, hajui babu zenu walipigana na nani. Wamepanga vyumba kwa mama mmoja wa Kihehe. Mama yake ana mtoto mchanga, kwa hiyo mtoto anakula kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa anakula. Sasa hali. Anasema barua ilimwambia. Mbwa amemfungia chumbani, na kila nyama ikipikwa uani anakwenda kumhesabu.”

“Mbwa si mmoja?”

“Mmoja. Anamhesabu.”

Nilijiuma midomo. Nakiri kwamba nilikuwa karibu kucheka, na mama aliona, na akaendelea kunitazama mpaka kicheko kikaondoka chenyewe.

“Na mama mwenye nyumba amekataliwa chakula chake na mtoto mdogo, hajui kwa nini, mpaka mwalimu alipouliza,” mama akaendelea. “Na mtoto anasema hataki kumwandikia tena yule msichana, kwa sababu anajua habari mbaya za watu.” Akaikunja barua. Halafu akaikunjua. “Subiri. Kama huyu hajaandika tena, ile barua ambayo binti aliniambia ilipotea njiani ilitoka wapi?”

Nikaenda kuchukua kila kitu nyuma ya vitabu. Mama alisoma kurasa mbili zote. Alipofika kwenye chungu, aliziweka chini polepole.

“Umekwenda?”

“Nimekwenda.”

“Ulichukua nini?”

“Viazi. Nilipewa.” Nikamwekea mezani kile cha nne kama ushahidi.

Mama ni Mnyakyusa, na akikasirika sana hurudi kwenye Kinyakyusa, ambacho mimi nasikia nusu. Siku ile hakurudi. Alisema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, “Kesho saa nne uje darasani kwangu.” Nikasema saa nne nina kipindi. Akasema ameshazungumza na mkuu wa shule yetu. Hakuwa amezungumza naye bado, lakini kufikia asubuhi alikuwa amezungumza.

Kwanza alinipeleka nje na yule binti, chini ya dirisha la darasa, akatuacha wawili. Nikamwambia. Nilianza na mbwa, nikafika kwenye mkono wa kushoto.

“Kwa hiyo aliyesema kuku wanane ni wengi ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Yeye hajasema kitu?”

“Hajasema.”

“Na ya ufunguo umesoma wewe?”

“Nimesoma. Nikaja kuangalia.”

“Bibi alisema kuna mwanafunzi alikuja, ana adabu.” Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akiona bibi alikosea wapi. “Nilikuwa na rafiki,” akasema. Hakulia. Ningependa angelia, kwa sababu mtu akilia unajua cha kufanya, unasema nyamaza.

Darasani mama hakutaja jina la mtu. Alitundika khanga yake katikati ya ubao na ukuta, akanisimamisha nyuma yake, akaniambia niisome ile mistari miwili kwa sauti. Nikasoma. Watoto wakacheka. Ni sentensi nzuri, kusema kweli. Kisha akaiondoa khanga, akaleta kiti mbele yangu, akamkalisha mvulana mdogo kuliko wote, akamwambia, “Wewe una mbwa unayempenda, na huyu mtu humjui.” Akaniambia nisome tena, nikimtazama usoni.

Nilifika kwenye “msalimie”. Yule mvulana alikuwa ameanza kuniamini. Macho yalikuwa yanamtoka. Nikaishia hapo.

“Barua haina uso,” mama akawaambia. “Anayeisoma hakuoni kama unacheka. Kwa hiyo kabla sijafunga bahasha, kila mmoja atamsomea mwenzake wa dawati barua yake huku anamtazama. Ukishindwa kusema neno, tunalifuta.”

Halafu akauliza ni mambo gani hayaandikwi kwa mtu ambaye hujawahi kumuona. Mikono ikapanda.

“Ufunguo!” alisema binti wa dawati la mbele, kabla ya wote, bila kunitazama.

“Siku mama anasafiri.”

“Njia ya kupita kwenye ua.”

“Kwamba baba anakoroma.”

“Hiyo si hatari,” mama akasema, “ila muombe baba ruhusa.”

“Mwalimu, na mtu akisema yeye ni mtoto, na kumbe ni mkubwa?”

Arobaini na moja wakageuka kunitazama. Mama alikuwa amenificha jina lakini hakuwa amenificha mwili. Akasema mtoto akipata barua ambayo haikutoka kwenye mkono wa mwalimu wake, aje nayo kwake kabla ya kuijibu, hata kama inasifia kuku.

Mimi nilimwandikia yule mvulana kumwomba radhi, nikamwandikia na mama mwenye nyumba, nikajitaja kwamba ni Mngoni. Mvulana hakujibu. Aliyejibu ni mama mwenye nyumba, kwa mkono wa mwalimu: “Mwambieni huyo Mngoni kwamba mtani hatumi mtoto wa Kisafwa kuleta matusi yake. Aje mwenyewe. Ale kwangu, mtoto akiona.”

Ikatokea kwamba likizo ya mwezi wa sita mama alikuwa na semina ya walimu Iringa. Akanichukua. Basi liliondoka Mbeya na baridi, na mimi nilikuwa na sweta mbili na wasiwasi. Binti alikuja stendi na bibi yake. Hakunipa barua. Alisema tu, “Kaka, mwambie ni wanane kweli.”

Iringa nilimkuta mama mwenye nyumba uani, mnene, na mwiko mkononi.

“Kamwene, mtani!” alinisalimu Kihehe kwa sauti ya mtu anayeita ng’ombe. “Babu zako walikuja hapa na ngao, wakarudi bila ngao. Wewe umekuja na nini?”

“Na njaa.”

“Huyu ni Mngoni, hakuna shaka. Kaa chini.”

Mvulana alikuwa kizingitini pa chumba chao, mwembamba, amemkumbatia mbwa mweupe mwenye sikio moja jeusi. Sufuria ikaletwa. Mvulana akaniuliza, kwa sauti ndogo, “Ni nyama ya nini?”

“Mbuzi,” mama mwenye nyumba akasema. “Kichwa chake kile pale juu ya gogo, kamtazame.”

Akaenda. Alikitazama kichwa kile pande zote mbili, akamtazama na mbwa. Akarudi, akakaa hatua tatu kutoka kwangu.

“Wewe ndiye uliyeandika?”

Nilitazama uso wake. “Ni mimi. Nilidanganya. Hakuna mtu hapa anayekula mbwa. Tunaambiana hivyo Wangoni na Wahehe, na mwenyewe akiwapo. Yule msichana hakujua. Yeye aliuliza tu kama mbwa anafuata watu wote au wewe tu.”

“Anajua kwamba ana sikio jeusi?”

“Anajua. Na yeye ana kuku wanane kweli.”

Nikala. Sijawahi kula nikitazamwa namna ile, kila tonge mpaka lishuke. Nilipofika nusu ya sahani akasogea. Akachukua kipande kidogo, akamnusisha mbwa kwanza, akangoja. Mbwa akakimeza chote. Mama mwenye nyumba akageukia jiko kwa haraka na kujifuta uso kwa ncha ya khanga, akisema ni moshi. Kipande cha pili mvulana alikila mwenyewe. Cha tatu hakuomba ruhusa.

Tulipokuwa tunaondoka siku ya mwisho wa semina, aliniletea karatasi iliyokunjwa mara sita na kushonwa kwa uzi mweusi pembeni. “Usifungue,” akasema. Mwalimu wake alikuwa nyuma yake. Nikaipokea. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni safari ndefu, basi liliharibika Makambako, na mimi sikuifungua. Jambo hilo ninaliandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayeniandikia.

Jumatatu, shule haijafunguliwa, binti alikuja nyumbani kwetu na watoto wenzake watatu waliotaka kushuhudia. Nikampa karatasi yake, akakata uzi kwa meno. Akasoma. Akacheka, akasoma tena, akacheka zaidi mahali pale pale, kisha akaikunja mara sita na kuitia ndani ya soksi. Nikamuuliza inasema nini. Akasema, “Ananijibu.” Nikamuuliza anajibu nini. Wakacheka wote wanne.

Nikamgeukia mama, aliyekuwa anasahihisha madaftari mezani, nikamuuliza kama hatuna haki ya kujua yule mtoto ameandika nini, baada ya safari yote ile.

Mama hakuinua kichwa. Akasema, “Tafuta rafiki wa kwako akuandikie. Na toka hapo mlangoni, watoto wanataka kupita.”